Kuendesha kundi la skauti la Kikristo kwa vijana wa miaka 15 hadi 18

Kijana wa miaka 16 ukimpangia kila kitu kama ulivyompangia akiwa na miaka 11, atakuja mara mbili tatu, kisha utasikia ana masomo mengi. Si kwamba amechoka na Mungu wala na kambi. Amechoka kuongozwa kama mtoto. Hatua hizi zinahusu jinsi ya kumwachia usukani bila wewe kusinzia.

Hatua ya 1: Weka ulinzi kwanza

Hapa hakuna mjadala. Kila shughuli iwe na watu wazima wasiopungua wawili. Mtu mzima asilale hema moja na vijana, na asiwe na mazungumzo ya faragha na kijana kwenye simu. Ujumbe upite kwenye kundi ambalo mlezi mwingine anauona. Fomu ya ridhaa ya mzazi itaje mzio, dawa anazotumia kijana na namba ya kupiga usiku.

Hatua ya 2: Gawa vikosi

Watu 6 hadi 8 kwa kikosi wanatosha. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wavulana katika vikosi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Yethro alishampa Musa ushauri wa namna hiyo katika Kutoka 18: usibebe watu wote peke yako.

Kiongozi wa kikosi achaguliwe na wenzake kwa muhula unaojulikana, tuseme miezi sita. Mara nyingi watamchagua mwenye sauti kubwa. Waache, muhula utaisha.

Hatua ya 3: Wape safari waipange wenyewe

Hii ndiyo hatua inayobeba programu nzima, kwa hiyo itengee vikao vitatu au vinne. Tandika ramani mezani, waonyeshe mnapoanzia na mnapolala, halafu nyamaza.

Tuseme njia ni kilomita 12 na kuna mita 600 za kupanda. Vijana wataandika kwamba itachukua "saa mbili na nusu". Usiwasahihishe. Wafundishe kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Wakipiga hesabu watapata saa 3 na dakika 24, na hapo hakuna aliyepumzika wala kufunga kamba ya kiatu. Wenye mizigo mgongoni na asiyezoea kutembea miongoni mwao watahitaji karibu saa tano. Sasa uliza: "Giza linaingia saa ngapi?" Utaona mtu anachukua kifutio na kusogeza muda wa kuondoka.

Endelea kwa maswali. Nani anabeba sufuria? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Kama ni ya mto, yachemke kwa nguvu dakika moja kamili, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000.

Wewe baki na kura ya kukataa katika mambo ya hatari tu: radi, mto uliojaa, kutembea gizani njia msiyoijua. Mengine yaache yatokee. Chumvi ikisahaulika, chakula kitaliwa bila chumvi.

Hatua ya 4: Ibada ya kambini

Katika 1 Wafalme 19, Eliya alilishwa na kulala mara mbili kabla Mungu hajazungumza naye pale Horebu. Fuata mpangilio huo. Mahubiri ya dakika 40 kwa watu wenye njaa na malengelenge ni adhabu.

Mpe kijana mmoja kifungu wiki moja kabla. Nehemia 2 inafaa sana usiku wa kwanza: Nehemia anazunguka kuta usiku na watu wachache, anakagua, ndipo anazungumza. Kijana asome, aulize maswali mawili, asiwe na lazima ya kuyajibu. Dakika 15 zinatosha. Akitokea wa kusema haamini maombi yanajibiwa, msimrukie na aya. Mwacheni amalize, kisha mlezi amtafute kesho yake wakati wa kuosha vyombo, mahali wengine wanawaona.

Hatua ya 5: Tathmini na beji

Kabla ya kutawanyika, kila kikosi kiandike kwenye daftari lake kilichoenda vizuri, kilichokwama, na watakachobadilisha. Kiongozi ajaye ataanzia hapo.

Kuhusu beji, saini ulichokiona kwa macho yako. Anayetaka ya huduma ya kwanza afunge mkono wa mwenzake kana kwamba umevunjika, jioni, akiwa amechoka, kwa skafu na vijiti alivyookota. Akishindwa, mwambie ni wapi pamelegea, apange siku nyingine ya kurudia.