Okidi za Kitulo: hesabu mikia nyuma ya ua

Ukikutana na okidi (maua ya orchid) kwenye nyasi zenye majimaji kule Kitulo, hifadhi ya taifa kusini mwa Tanzania, usianze na rangi. Mimi nilihangaika nayo muda mrefu bure. Shika ua moja taratibu bila kulichuma, ligeuze, uhesabu mikia ya nyuma, yaani vile vijirija vyembamba vya kuwekea mbochi. Ukiona miwili inaning'inia sambamba kama pembe za mbuzi zilizopinduliwa, hiyo ni Satyrium. Mmoja uliotoka kwenye sepali (kijani cha nje cha ua) ya juu iliyojikunja kama kofia: Disa. Mmoja unaoanzia kwenye kitako cha mdomo wa ua, yaani ile petali moja yenye umbo tofauti na nyingine: Habenaria.

Kwa okidi nyingi ua hujisokota nusu mzunguko kabla ya kuchanua, mdomo ukaangalia chini. Satyrium haijisokoti. Mdomo wake unabaki juu, ndio unaokuwa kofia, na mikia yote miwili inaota hapo. (Viazi vya jamii hizi tatu ndivyo huchimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha kule, kwa hiyo ukikuta shimo bichi, ujue kuna aliyekutangulia.)

Kipimo hiki hugoma ua likishanyauka, na kwa Satyrium chache zenye mikia mifupi kama chunusi. Hapo angalia tu mdomo uko juu au chini. Na kinakupa jenasi (kundi la aina zinazokaribiana), si spishi (aina yenyewe). Kwa spishi piga picha ya majani pia. Satyrium kadhaa huyaotesha kwenye chipukizi la pembeni, palepale watu wanapopiga goti kupiga picha.