Sukari haishuki, presha haishuki: namna ya kupima kotisoli bila kudanganywa na kipimo

Mama wa miaka arobaini na kitu anatumia metformini na insulini, hakosi kliniki, na sukari haishuki. Presha iko juu ingawa anameza dawa tatu. Tumbo limejaa, mikono na mapaja yamekonda, uso umekuwa wa mviringo. Wengi wetu humwongezea insulini na kumwambia apunguze ugali. Nami nilifanya hivyo kwa miezi na mgonjwa wa namna hii, na yeye ndiye aliyeumia. Nawaandikia wenzangu wa kliniki za kisukari na wa maabara, hasa walioko wilayani ambako bingwa wa homoni yuko mbali.

Chanzo huweza kuwa homoni ya kotisoli iliyozidi. Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili zinazokaa juu ya figo, na amri hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo kwa homoni iitwayo ACTH. Kazi yake halali ni kutupatia sukari wakati wa njaa, ugonjwa na hofu: huagiza ini litengeneze sukari, huvunja protini ya misuli ili ini lipate malighafi, na huifanya misuli isiiitikie insulini sawasawa. Ikizidi kwa miezi mingi, kazi hiyohiyo huleta kisukari, presha, mifupa dhaifu na mafuta yanayorundikana tumboni. Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani, alimweleza mgonjwa wa hali hii mwaka 1912, na mwaka 1932 akachapisha maelezo yaliyofanya ugonjwa uitwe kwa jina lake.

Hatua ya 1: Chagua wa kumpima

Usimpime kila mnene mwenye sukari. Unene, kisukari na presha vimejaa kila kliniki, ilhali ugonjwa wa Cushing ni nadra, na ukiwapima wote utavuna majibu mengi ya uongo. Tafuta dalili zinazoutenga: ngozi inayovilia damu kwa kuguswa kidogo, michirizi mipana kuliko sentimita 1 tumboni, na udhaifu wa mapaja. Hili la mwisho halihitaji mashine. Mwombe achuchumae kisha asimame bila kushika kitu. Wekundu wa uso unaosifiwa sana vitabuni hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo usiungoje.

Kuna kundi jingine, la wale ambao kisukari kimegoma licha ya dawa nyingi. Utafiti wa CATALYST uliofanyika Marekani uliwapima watu 1,057 wa kundi hilo, na 252 kati yao, karibu asilimia 24, kotisoli yao haikushuka ilivyotakiwa kwenye kipimo cha deksamethasoni (tazama hatua ya 4). Ni idadi kubwa kuliko tulivyozoea kufikiri. Lakini iliyofadhili utafiti huo ni kampuni inayouza dawa ya kuzuia kotisoli, na washiriki walichujwa kwanza. Mimi nauchukua kama sababu ya kumfikiria mgonjwa mgumu, na siuchukui kama ruhusa ya kupima foleni nzima.

Hatua ya 2: Fungua mkoba wa mgonjwa kabla ya kufungua sindano

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Sababu ya kawaida kabisa ya mtu kuwa na sura ya kotisoli nyingi ni steroidi, yaani dawa inayofanya kazi kama kotisoli, iliyotoka nje ya mwili wake: prednisoloni, deksamethasoni, betamethasoni, klobetasoli. Kwetu steroidi hizo haziji na cheti cha daktari kila mara. Zimo kwenye mkorogo wa kujichubua, kwenye vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimoja kimoja, kwenye sindano za magoti, na kwenye baadhi ya "dawa za asili" za viungo na pumu ambazo mtu amezichanganya na vidonge vya kizungu.

Ukiuliza, "Unatumia steroidi?" utajibiwa hapana, na mgonjwa hasemi uongo, maana jina hilo halijui. Mimi huanza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mafuta unayopaka usoni na mwilini ni yapi? Ukija Jumatatu niletee kopo lenyewe, hata kama limekwisha. Na vidonge vyote vilivyomo nyumbani, hata vya jirani."

Neno "mkorogo" silitaji kwanza. Lina aibu ndani yake, na aibu hufunga mdomo. Kopo likija, soma lebo kwa makini. Lisipokuwa na lebo, litilie shaka hivyohivyo.

Uliza pia kuhusu dawa za virusi vya UKIMWI, kwa faragha. Ritonaviri huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja steroidi. Mtu anayeitumia akipuliza flutikazoni kwa ajili ya pumu, au akichomwa triamsinoloni kwenye goti mara moja tu, steroidi hukaa mwilini muda mrefu na uso ukavimba kama wa anayemeza vidonge kila siku.

Ukipata steroidi ya nje, acha kipimo na uende hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ondoa vinavyopotosha

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu, hivyo jibu la jumla hupanda wakati kotisoli iliyo huru haijabadilika. Visitishwe wiki 6 kabla, na mgonjwa apewe njia nyingine ya kinga muda huo. Mimba huleta tatizo hilohilo, kwa hiyo kipimo hiki hakimfai mjamzito.

Rifampisini, fenitoini na kabamazepini hufanya kinyume cha ritonaviri: huharakisha ini kuivunja deksamethasoni, dawa ikaisha kabla ya asubuhi na kotisoli ikaonekana imegoma kushuka. Mgonjwa wa kifua kikuu asikatizwe matibabu kwa ajili ya kipimo. Ngoja amalize.

Hatua ya 4: Usiku wa kipimo

Kotisoli ina saa zake. Kwa mtu anayelala usiku, hupanda kuelekea alfajiri na kufika chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ndiyo maana kipimo cha kotisoli kilichochukuliwa mchana bila mpango hakikuambii kitu kuhusu kotisoli iliyozidi. Naomba tuache kukiandika.

Kipimo rahisi ni cha deksamethasoni ya miligramu 1. Mgonjwa anameza saa tano usiku (23:00), na damu inatolewa saa mbili asubuhi (08:00). Hahitaji kufunga. Tezi yenye afya huona deksamethasoni na kunyamaza, na tezi iliyoasi huendelea kutoa kotisoli.

Makosa mawili hurudia. La kwanza ni saa. Fomu imeandikwa "11 usiku", mgonjwa anasoma saa kumi na moja, anameza alfajiri, muda wa saa tatu tu kabla ya kutolewa damu. Mwandikie kwa maneno, "saa tano usiku, kabla ya kulala", kisha mwombe akurudishie maelezo kwa kinywa chake. La pili ni kidonge. Kuna vya miligramu 0.5 na kuna vya miligramu 4. Hesabu vidonge mwenyewe na uvitie kwenye bahasha: viwili vya 0.5. Asubuhi muulize alimeza saa ngapi, na uandike jibu lake kwenye fomu ya maabara.

Kama maabara yenu ina kipimo cha mate, chukueni mate ya karibu na saa sita usiku kwa siku mbili tofauti. Asile, asivute sigara wala kupiga mswaki muda mfupi kabla. Aoshe mikono vizuri, kwani krimu ya haidrokotisoni ikiwa vidoleni inatosha kuchafua sampuli. Mlinzi wa zamu ya usiku asipewe kipimo hiki, saa za mwili wake zimegeuka.

Hatua ya 5: Soma namba pamoja na kipimio chake

Jibu la kawaida ni kotisoli chini ya nanomoli 50 kwa lita, sawa na mikrogramu 1.8 kwa desilita. Mikrogramu 1 kwa desilita ni takriban nanomoli 27.6 kwa lita. Namba 12 ni salama kabisa kwa nanomoli, ila kwa mikrogramu ni kama 331, na huyo ana tatizo. Jibu lililokuja bila kipimio lirudishe maabara.

Ikizidi 50, usimwambie mgonjwa kwamba ana Cushing. Msongo mkubwa wa mawazo, pombe nyingi na sukari iliyo juu sana vinaweza kuipandisha. Rudia, au tumia mate au mkojo wa saa 24, na vikikubaliana mpe rufaa. Picha za pituitari au za tezi za figo zije baada ya hapo. Ukianza na picha utakuta kijivimbe kisicho na hatia na kumtisha mtu bure.

Jibu linalochanganya kuliko yote ni hili: sura imevimba, kotisoli ya asubuhi iko chini sana hata bila deksamethasoni. Hiyo ni steroidi ya nje iliyozilaza tezi. Rudi kwenye mkoba. Prednisoloni nayo husomwa na mashine nyingi kana kwamba ni kotisoli, kwa hiyo kwa anayeimeza hata jibu zuri lisikutulize.

Hatua ya 6: Steroidi imetoka nje, na haikatwi ghafla

Hasira yetu dhidi ya mkorogo isituponze. Aliyetumia steroidi kwa zaidi ya wiki 3 au 4 huenda tezi zake zimelala, na akiacha siku moja anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, sukari na presha zikaanguka, akafa. Akifika hivyo, mpe haidrokotisoni miligramu 100 kwa mshipa au msuli na maji ya chumvi hapohapo, bila kungoja maabara.

Asiye katika hatari mpunguzie polepole hadi kiwango kinacholingana na mahitaji ya mwili, prednisoloni kati ya miligramu 4 na 6 kwa siku. Kisha pima kotisoli ya asubuhi kabla hajameza dozi ya siku hiyo, angalau saa 24 baada ya ile ya mwisho. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa. Kati ya 150 na 300, endelea na dozi hiyo na upime tena baada ya wiki kadhaa. Chini ya 150, endelea na urudie baada ya miezi michache. Muda wote huo ajue kwamba akipata homa kali au ajali dozi huongezwa, na awe na karatasi mfukoni inayosema hivyo kwa Kiswahili.

Kuhusu sukari yake: anayemeza prednisoloni asubuhi anaweza kuamka na sukari nzuri tu, kisha ikapaa alasiri. Mpime zikipita saa mbili baada ya chakula cha mchana. Dozi ya steroidi ikishuka, punguza na insulini wiki hiyohiyo, kabla sukari haijamwangusha usiku.