Unaenda kufanya kazi Ujerumani? Begi ni kitu kidogo, shida ni mazoea

Kila nikirudi Moshi likizo lazima aje mtu nyumbani aniulize dada nibebe nini, na mi huwa namjibu begi ni kitu kidogo mdogo wangu, ila haya tulimalize kwanza. Koti usinunue jipya, nenda soko la Memorial ukachambue mitumba, langu nililipata pale na lilikuwa na lebo ya Kijerumani kabisa, yaani lilikuja Moshi kutalii likarudi kwao. Beba adapta maana plagi zetu za pini tatu kule haziingii. Nyama na maziwa achana navyo, Ulaya hawaruhusu uingize kutoka huku, mama alinifungia nyama ya kukausha nikaishia kumrudishia binamu yangu pale pale uwanja wa ndege wa KIA.

Sasa saa, hili ndo lilinitia aibu. Kwamba saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane, hilo unalizoea ndani ya wiki, balaa liko kwenye nusu. Mjerumani akisema halb acht, neno kwa neno ni nusu nane, we unasikia nane na nusu kumbe yeye anamaanisha saba na nusu, nusu ya kuelekea nane, kwetu hiyo ni saa moja na nusu. Wiki ya pili kazini kwenye nyumba ya wazee mkuu wa zamu kaniambia halb acht, mi nikatokea saa mbili na nusu yetu nimependeza na tabasamu juu, nimechelewa saa nzima. Hakunigombeza, aliangalia saa ya ukutani halafu akaniangalia mimi, bora angegomba tu.

Lugha soma ukiwa bado huku. Kwa uuguzi mara nyingi wanataka ufike kiwango cha lugha cha B2, na hata hiyo cheti utakipata halafu ukutane na bibi wa miaka tisini hana meno anaongea lafudhi ya kijijini kwao, utajuta, kwa hiyo anza kusikiliza redio zao mapema. Na kuna du na Sie, yote maana yake wewe, chukulia kama tofauti ya mambo na shikamoo, usiyemjua ni Sie mpaka mwenyewe akuruhusu.

Halafu salamu. Sisi hatuanzi kazi mpaka tujue umeamkaje, watoto wazima, mvua huko kwenu imenyesha, wao ni Morgen na imeisha hiyo. Miezi mitatu nilijua wananichukia. Ukikosea unaambiwa hapo hapo mbele ya watu, hapa umekosea, dakika kumi baadae huyo huyo anakumiminia kahawa, we bado umenuna peke yako. Nilikuwa nakaa Tübingen, ambao ni mji rafiki na Moshi tangu 2014, nikajua kila mtu ataijua Moshi, wapi, wengi walijua mlima tu.

Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha manispaa, usizembee. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, nunua Jumamosi. Na Desemba saa kumi na nusu jioni kiza kinaanza kuingia, mtu wa Moshi aliyezoea jua mpaka saa kumi na mbili mwaka mzima inamkalia vibaya sana, tafuta Watanzania wenzako mapema, usisubiri mpaka ushaanza kulia chumbani.

Hela sasa. Mwenye nyumba anaweza kudai dhamana mpaka kodi ya miezi mitatu, muulize mwajiri kabla hujasaini kama atakusaidia kwa hilo. Na ukae na familia mkubaliane utatuma kiasi gani na uanze lini, maana mi mjomba alinitumia picha ya mabati nina siku tisa tu kule, mshahara wa kwanza wenyewe sijauona. Kikao hicho kifanyike kabla tiketi haijakatwa, na mjomba awepo.