Redio Haishiki Ujerumani? Usikimbilie kwa Fundi

Wateja wangu hapa Lindi, hasa wazee, huniletea redio na shitaka lilelile: "Fundi, haishiki Ujerumani," yaani idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, redio ya Ujerumani. Nyingi hazina ugonjwa wowote. Jaribu haya kwanza nyumbani, uokoe nauli.

Weka betri mpya, kisha toka nje, mbali na taa za LED na chaja za simu. Hizo ndizo zinazoleta ule mkoromo. Chukua waya wa urefu wa mita 10, uufunge kwenye antena na kuutupia juu ya mwembe (mvua ya radi ikija, uchomoe). Tembeza mshale taratibu. Kwenye masafa mafupi (SW), mchana pita bendi za mita 19 na 16, jua likizama rudi mita 31 na 49, maana mawimbi haya hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, na tabaka hilo usiku hubadilika. Ukimpata Mchina, Mwarabu, yeyote yule, redio yako nzima. Kilichohama ni kituo.

Deutsche Welle ilianza 1953, ikafungua idhaa ya Kiswahili 1963, na 1965 ikawasha mitambo Kigali, Rwanda. Mitambo ile ilitudekeza: hata kiredio cha plastiki kilisikika safi. Lakini mitambo ya kilowati 250 hula umeme si mchezo, vita baridi vilikwisha, na redio za FM humu nchini zikawa zinajiunga na makao yake Bonn kwa setilaiti. Mwaka 2011 walipunguza masafa mafupi kwelikweli, hata idhaa ya Kijerumani yenyewe ikaondolewa huko. Kigali ikazimwa 2015. Tangu hapo wanakodi mitambo ya wengine, basi usikariri namba za zamani. Masafa hupangwa upya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Mwombe kijana mwenye simu akutafutie ratiba mpya. Saa zake ni za UTC, yaani saa za kimataifa. Toa 3 tu upate saa yetu. 10 ni saa 7 mchana, 15 ni saa 12 jioni. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 18 ni saa 3 usiku.

Bendi zote zikiwa kimya, hata mkwaruzo hakuna, hapo njoo. Huku pwani mara nyingi ni swichi ya bendi imeliwa na chumvi, kazi ya dakika chache. Ila tafadhali, usiimwagie mafuta ya taa kabla hujafika kwangu.