Namna ya Kuficha Utani Unaojirudia katika Kampeni ya Mchezo wa Kuigiza Mezani

Kampeni ndefu ya mchezo wa kuigiza mezani, yaani mfululizo wa vikao ambamo kila mchezaji huigiza mhusika katika hadithi moja inayoongozwa na mwendesha mchezo, huweza kuendelea kwa miezi au hata miaka, na katika muda huo mwendesha mchezo hujikuta akitia humo vichekesho vyake mwenyewe: jina lenye fumbo, mhusika wa kando anayezuka kila mahali, au sanduku ambalo halifunguki kamwe. Vichekesho hivyo vikipangwa vizuri huwaunganisha wachezaji na kuupa ulimwengu wa mchezo historia yake, lakini vikiachwa vijiendee ovyo huigeuza kampeni kuwa kijiwe cha porojo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuupanda utani wa aina hiyo, kuurudisha, na kuustaafisha, na kanuni yake kuu ni moja: kila utani uliofichwa sharti kwanza uwe kitu chenye kazi ndani ya mchezo, ili mchezaji asiyeugundua asipungukiwe na chochote.

Kanuni hiyo ilionekana tangu mwanzo wa michezo hii. Dungeons & Dragons, iliyotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ilikuzwa katika vikao vya marafiki na jamaa, na alama za vikao hivyo zilibaki katika vitabu vyake. Mchawi Tenser alikuwa mhusika wa Ernie, mtoto wa Gygax, na jina hilo ni herufi za Ernest zilizopangwa upya. Drawmij ni Jim Ward, mmoja wa wachezaji wa vikao hivyo, aliyesomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Vecna, mchawi mfu wa kutisha ambaye mkono na jicho lake ni vitu vya kichawi vinavyoogopwa, ni herufi za Vance, yaani Jack Vance, mwandishi ambaye hadithi zake zilitoa wazo la mchawi anayesahau uchawi wake mara tu anapoutumia. Wachezaji wengi wamelitetemekea jina la Vecna kwa miaka mingi bila kujua asili yake, na hofu yao haikupungua hata kidogo. Huo ndio ufichaji unaofaa kuigwa.

Ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika orodha ya vitu ambavyo mchawi hutakiwa kuwa navyo ili uchawi wake ufanye kazi. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, tufe la moto linahitaji kinyesi cha popo na salfa. Anayejua jinsi baruti ilivyotengenezwa zamani atatabasamu, kwa kuwa kinyesi cha popo kilikuwa chanzo kimojawapo cha shura, na shura na salfa ni viungo viwili kati ya vitatu vya baruti. Radi ya kichawi inahitaji kipande cha manyoya na kijiti cha kaharabu, fuwele au kioo, vitu ambavyo vikisuguliwa huzalisha umeme tuli. Uchawi wa kupita ukutani unadai punje za ufuta, na msomaji wa kisa cha Ali Baba anajua ni neno gani lililofungua mlango wa pango. Mchezaji asiyejua lolote kati ya haya ananunua ufuta wake sokoni, anapita ukutani, na safari inaendelea.

Anayetaka kubuni vyake anaweza kuanzia kwenye hazina ambayo wachezaji wake tayari wanayo vichwani, nayo ni methali. Ichukue methali kama ilivyo, neno kwa neno, kisha uifanye kuwa sheria ya mahali fulani. Uchawi wa kuongeza akiba ya chakula unaweza kudai kibaba kitupu na punje moja ya nafaka, bila mtu yeyote kutamka kwamba haba na haba hujaza kibaba. Msafara unaweza kulala katika nyumba ya wageni ya mzee Musa, ambako vijiko vinatembea vyenyewe, na wachezaji wakistaajabu vya kutosha, kesho yake wafike kijiji cha pili ambako mwenye nyumba anaitwa Firauni na vijiko vinadai kodi. Ninaoupenda zaidi ni ule wa mzee anayekaa kwenye mdomo wa pango na kuwaonya wapitao wasishike njia ya kushoto. Wakimpuuza, watakutana na mtego usioua wala kunyang'anya mali, bali unaumiza mguu mmoja tu na kuwapunguzia mwendo nusu hadi wapumzike. Rudisha mzee mwingine, katika nchi nyingine, penye mtego wa aina tofauti kabisa, na matokeo yawe mguu uleule. Kuna mchezaji atakayeinua kichwa ghafla na kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na meza nzima itampigia kelele mwendesha mchezo. Usikiri wala usikane. Endelea kuuliza nani anatangulia.

Kuhusu kurudia, kosa la kawaida ni kudhani kwamba kitu kilichochekesha jana kitachekesha kesho kikiletwa vilevile. Utani unaojirudia unaishi kwa mabadiliko madogo, na kila marejeo yanapaswa kuongeza jambo moja ambalo halikuwapo. Chukua mfano wa mfanyabiashara ambaye kila kamba anayouza imepungua pima moja. Mara ya kwanza anawauzia wachezaji kamba hiyo na wanaishia kuning'inia juu ya sakafu ya kisima; huo ni ujanja mdogo wa sokoni. Mara ya pili wanakuta daraja lililokatika na mafundi wanaomlaani mtu wanayemfahamu vizuri. Mara ya tatu, baada ya muda mrefu, mmoja wa wahusika wao amehukumiwa kunyongwa, mnyongaji anarusha kamba mpya juu ya boriti, na haifiki. Hapo utani umeacha kuwa pambo na umekuwa sababu ya tukio, na wachezaji watahisi kwamba ulimwengu una kumbukumbu. Ili hilo liwezekane, mara ya kwanza na ya pili lazima ziwe nyepesi na za haki: kama kamba fupi ingewaua kisimani, mfanyabiashara huyo angekuwa adui, na hakuna ambaye angefurahi kumwona tena.

Weka daftari. Hakuna haja ya mfumo mgumu; andika tu utani ulionekana wapi, nani aliugundua, na safari ya mwisho kitu gani kilibadilika. Acha vikao viwili au vitatu vipite kabla ya kuurudisha, na usilete aina mbili za utani katika kikao kimoja, kwa kuwa wachezaji wakianza kuwinda mafumbo wataacha kuiwinda hadithi.

Jihadhari zaidi na utani uliofungwa kwenye dadu. Waendesha mchezo wengi hupenda kuamua kwamba dadu ya pande 20 ikiangukia 1, jambo fulani la kuchekesha hutokea, tuseme mbuzi anapita. Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Wachezaji 4 wakitupa dadu mara 10 kila mmoja katika kikao, hayo ni matupo 40, na kwa wastani alama ya 1 itatokea mara 2. Mbuzi anayepita mara mbili kila kikao atachosha kabla ya msimu kwisha, tena atapita palepale mpiganaji anapomlilia ndugu yake aliyekufa. Ukimfunga mbuzi huyo kwenye alama ya 1 iliyotokea mara mbili mfululizo, uwezekano unashuka hadi 1 kati ya 400, yaani takriban mara moja katika vikao 10 vya ukubwa huo, na atakapojitokeza wachezaji watasimama kumshangilia.

Utani bora mara nyingi hautoki kwenye daftari bali kwenye mkanganyiko wa mezani. Kisa kinachojulikana zaidi katika michezo hii ni cha mchezaji aliyeelezwa kwamba mbele yake kuna gazebo, yaani kibanda cha kupumzikia bustanini. Yeye, kwa kutolijua neno hilo, akakichukulia kuwa dubwana na kukipiga mshale. Kisa hicho kilisambaa tangu miaka ya 1980, na mchezo wa karata wa Munchkin uliotoka mwaka 2001 ulimpa Gazebo nafasi yake miongoni mwa madubwana. Jambo kama hilo likitokea kwako, usilirudishe wikiendi inayofuata. Subiri, kisha uliingize kama jambo la ulimwengu wenyewe: sanamu, wimbo wa walevi, au agizo la kifalme linalokataza kupiga vibanda mishale. Muulize kwanza mchezaji aliyekosea, faraghani, kama anaona raha kisa chake kikiendelea, kwani aliyecheka kwa adabu siku ile huenda hakupenda. Utani wenye shabaha ya mhusika ni halali; wenye shabaha ya mtu aliyeketi mezani unahitaji ruhusa yake.

Mahali pa kuficha pia pana mipaka. Jina la adui mkuu litatamkwa mamia ya mara, kwa hiyo lisikike la kutisha kwanza na liwe na fumbo baadaye. Jina linalochekesha likitamkwa litaharibu kila kitisho ulichokijenga. Eneo la hofu au msiba lisiguswe kabisa wakati linapoendelea, ingawa dakika chache baada yake, pumzi zikishashuka, mzaha mdogo unaozoeleka hupokelewa kwa shukrani. Kuna michezo ambayo haina tatizo hili, kama Paranoia ya mwaka 1984, ambamo kila mchezaji hupewa nakala sita za mhusika wake kwa sababu inatarajiwa kwamba atakufa ovyo. Hapo kichekesho ndiyo sheria yenyewe na hakuna cha kuficha.

Mchezaji mgeni akijiunga katikati ya kampeni, usimkalishe chini kumweleza vichekesho vyote vilivyopita, maana utani unaofafanuliwa hufia hapohapo na mgeni hubaki akijihisi mtu wa nje. Mtengenezee tukio lake mwenyewe: auziwe kitu na yuleyule mchuuzi, aonywe na mzee wa aina ileile, na wenzake wabane vicheko wakisubiri. Baada ya hapo yeye naye ni mwenyeji.

Dalili kwamba utani umekwisha ni pale wachezaji wanapoumalizia kabla hujafika mwisho wa sentensi, au wanapotabasamu bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zao. Usiuache ufifie. Upe tukio la kuufunga ndani ya hadithi: mzee wa pangoni asikilizwe kwa mara ya kwanza, ashangae, aulize mara mbili kama kweli wamekubali ushauri wake, kisha awakabidhi fimbo ya kutembelea yenye nguvu za kichawi ambayo hakuwahi kupata mtu wa kumpa.