Somo: Tovuti yako isomeke na kila mtu, hata asoona

Assalaam aleykum wapendwa. Naulizwa inboksi kila leo "mbona mteja kasema tovuti yangu haisomeki na mtu asoona" na mie najibu yale yale, basi naandika pahala pamoja, atakaeuliza tena ntamtumia linki hii.

Asoona anatumia simu kama wewe. Zipo programu zinazomsomea skrini kwa sauti: Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, kompyuta ya Windows unashusha NVDA bure. Hizi programu hazijali umepaka rangi gani wala herufi umezinenepesha vipi, zinasoma kodi (code) ulioandika, kodi ikiwa ovyo na yeye anasikia ovyo.

1. Kichwa kikuu h1, kimoja kwa ukurasa, chini yake h2 halafu h3 bila kuruka. Ukubwa wa herufi ni kazi ya CSS, ile ya kupamba ukurasa.

2. Menyu ndani ya nav, habari yenyewe ndani ya main, ya chini ndani ya footer. Mtu anaruka mpaka main bila kusikilizishwa menyu nzima kila ukurasa.

3. Picha yenye maana iandikie alt (maelezo yanayosomwa badala ya picha) inayosema maana yake, "chumba cha vitanda viwili, dirisha linaangalia bahari", sio "picha". Ile ya mlango wa Mji Mkongwe uloweka pambo tu iachie alt="" tupu, ila usiifute alt yenyewe maana programu nyengine zitasoma jina la faili.

4. Lugha. Hapa ntakaa, ndo panapoharibika kazi nyingi za kwetu. Template tunazonunua huja na lang="en" juu kule kwenye html, mtu anabadilisha maneno yote yawe Kiswahili na ile anaiacha vile vile, sasa NVDA inaamini ulichoiambia, inasoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza na msikilizaji hatoki na kitu. Weka lang="sw". Sauti ya Kiswahili imo ndani ya eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, si tamu lakini inafahamika. Na kama ukurasa una lugha mchanganyiko, kama nyumba za wageni za Kiwengwa na Nungwi zinazoandika na Kitaliano, ile aya peke yake ipe lang="it". Dua ya Kiarabu ipe lang="ar" na dir="rtl", yaani inasomwa kulia kwenda kushoto.
ONYO: ni sw, sio swa, sio tz, sio kiswahili.
ONYO JENGINE: ukiwa na batani ya kubadilisha lugha kwa JavaScript, ibadilishe na lang pia. Maneno kubadilika hakutoshi kabisa, na hili ukilitazama kwa macho hulioni, mpaka usikilize.

5. Batani iwe button, linki iwe a yenye href. Div (kisanduku kitupu cha HTML) yenye onclick ukibonyeza Tab inarukwa, wala asoona haambiwi kuwa hapo pana batani.

6. Kila kisanduku cha fomu kiwe na label (jina lake), for ya label na id ya kisanduku zilingane. Placeholder, yale maneno ya kijivu ndani ya kisanduku, sio label, mtu akianza kuandika inapotea.

7. Rangi: WCAG, kanuni za kimataifa za tovuti kutumika na kila mtu, inataka tofauti ya mwangaza baina ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, 3 kwa 1 kwa makubwa. Kijivu juu ya nyeupe kinapendeza ofisini, hebu kasome simu gatini Malindi saa saba mchana na jua la utosi.

8. Usifute outline, ule mstari unaozunguka pahala ulipo ukibonyeza Tab. Anaetumia kibodi hajui tena yuko wapi.

Ukimaliza weka mausi pembeni, kata tiketi ya tovuti yako mpaka mwisho kwa Tab na Enter. Halafu washa TalkBack, funga macho, rudia.

MASUALI

Fundi_Mwanakwerekwe: mkuu hakuna plagini ya kuweka tu ikamaliza yote?

Jibu: Hakuna. Plagini haijui picha yako ina nini. Anza hatua ya 1.

KijanaDarajani: label yangu haisomwi nisaidie haraka mteja ananisubiri

Jibu: Kodi iko wapi?

KijanaDarajani: for="Simu" id="simu"

Jibu: S kubwa na s ndogo ni vitu viwili. Hatua ya 6 nimesema zilingane.

Mpambe77: kwani wasioona wangapi wanaingia tovuti yangu? tunajichosha bure

Jibu: Wanasafiri, wanaomba kazi, wana watoto skuli. Kwako hawaingii kwa sababu fomu yako haiwapitishi. Na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, kifungu cha 9 kinaitaja intaneti yenyewe. Sio hisani.

BintiMkoani: Naomba kufahamishwa, mie bado najifunza. Imsakia ya Ramadhani tunaiweka kama picha, siku zote humo, alt niandike nini?

Jibu: Suali zuri sana hili dada. Usihangaike kuzijaza siku zote kwenye alt, itoe kwenye picha uiandike table. Weka caption, "Imsakia ya Ramadhani, Mkoani". Mstari wa juu uwe th (vichwa vya jedwali) zenye scope="col": Siku, Imsaki, Alfajiri, Magharibi. Namba ya siku nayo iwe th yenye scope="row". Hapo mtu akitembea ndani ya jedwali anatajiwa ni siku gani na sala gani, hamwagiwi namba tupu. Picha iache kwa wanaotaka kuirusha WhatsApp, alt yake "Imsakia, jedwali kamili lipo chini". Na jedwali la maandishi linafunguka upesi hata bando likiwa dogo.

BintiMkoani: Shukran sana. Na saa niandike za kwetu au za kizungu?

Jibu: Ukurasa wa Kiswahili andika "saa 12:25 jioni", wa wageni 6:25 pm. 12:25 peke yake usiandike, khasa ratiba za boti, mtu atafika bandarini boti lishaondoka.

Mvuvi_Wete: na video je?

Jibu: Weka manukuu kwa ajili ya viziwi, na isijiwashe yenyewe. Sauti ya video inaifunika sauti ya TalkBack, mtu anabaki anaitafuta batani ya kuizima na hasikii yuko wapi.