Jinsi ya Kuomba Cheti cha Kutoa Ufaransa Vifaa vya Kale vya Walinzi wa Mfalme

Kabla ya kumtafuta msafirishaji, angalia umri wa kifaa na thamani yake. Kiambatisho cha Sheria ya Urithi ya Ufaransa (Code du patrimoine, kifungu R. 111-1) kinapanga vitu kwa makundi, kila kundi na kima chake. Kifaa kikifikia kima hicho, hakitoki Ufaransa bila cheti, hata kama kinakwenda Ubelgiji tu. Kikiwa chini yake, beba ankara ya mnada yenye tarehe ya kifaa na bei, kwa sababu forodha wanaweza kuidai.

Kazi kubwa ni maelezo ya kifaa, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Usiandike "upanga wa mlinzi wa mfalme". Taja kikosi: Gardes françaises (askari wa miguu wa walinzi), waliovunjwa 1789; Gardes du corps (walinzi wa karibu wa mfalme); Cent-Suisses (walinzi wa Kiswisi); au Garde royale (walinzi wa kifalme) ya 1815 hadi 1830. Ua la yungiyungi peke yake halithibitishi kwamba kifaa ni cha kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, maana wafalme wa ukoo wa Bourbon waliporudi madarakani walilitumia tena. Kosa hilo hubadilisha tarehe, tarehe hubadilisha thamani, na faili linarudi kwako. Eleza malighafi, vipimo kwa sentimita, mihuri yote, na sehemu zilizobadilishwa baadaye. Ala mpya kwenye upanga wa zamani iseme. Wataalamu wa Wizara ya Utamaduni, inayotoa cheti, wataiona tu.

Tazama pia kama kuna namba ya makumbusho iliyopakwa rangi, au alama ya namba iliyofutwa. Mali ya umma haiuziki, na mnunuzi wa nia njema hasalimiki kwa nia yake.

Jaza fomu rasmi ya serikali, cerfa 11033, na uipeleke Wizara ya Utamaduni, idara ya makumbusho (Service des musées de France). Ambatanisha picha safi za pande zote na za mihuri, hati ya umiliki, thamani kwa euro, na mahali kifaa kinapoonekana. Nyumba ya mnada ikikuombea, weka idhini yako kwa maandishi. Usikifunge kifaa kwenye sanduku: wanaweza kuomba kukiona.

Jibu hutolewa ndani ya miezi 4. Kwa kifaa kilichozidi miaka 100 cheti hakina mwisho. Kwa kifaa cha umri mdogo zaidi, cheti hudumu miaka 20. Wizara ikikitangaza hazina ya taifa, inakunyima cheti na ina miezi 30 ya kukutolea bei ya kununua. Kwa hiyo usimwahidi mteja tarehe ya kupokea.

Kikitoka nje ya Umoja wa Ulaya, cheti hakitoshi. Omba leseni ya kusafirisha nje chini ya Kanuni ya Ulaya namba 116/2009, ambapo silaha za zaidi ya miaka 50 zimo kundi la 15, kima cha euro 50,000. Muda wa leseni hauzidi miezi 12, basi iombe ukishapanga safari. Leseni huonyeshwa forodha pamoja na tamko la mzigo. Anayetoroka na kifaa bila cheti anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya euro 450,000.

Mpini wenye pembe ya ndovu una njia yake kabisa, ya CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Ulizia hiyo kwanza, kwa maana kibali kikikataliwa, cheti cha wizara hakitakusaidia mpakani.